Tiba ya homoni kwa saratani ya tezi dume: Familia imlinde mzee tangu sindano ya kwanza

Mzee wa Umwe anaporejea nyumbani kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa amechomwa sindano yake ya kwanza ya homoni, familia humshukuru Mwenyezi Mungu kwa safari ya salama, kadi ikawekwa kabatini na maisha yakaendelea. Shukrani hiyo ni wajibu. Hata hivyo, wiki hii tunapenda kuzikumbusha familia zetu za Ikwiriri, Kibiti na vijiji vya delta kuwa sindano ile ndiyo mwanzo wa kazi ya nyumbani. Dawa inayoidhoofisha saratani hugusa pia mifupa, misuli, moyo na hisia za mgonjwa. Mengi ya madhara hayo hupungua familia inapojipanga mapema.

Tiba hii hufanyaje kazi?

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo. Saratani yake kwa kawaida hustawi kwa kutegemea testosteroni, homoni ya kiume ambayo sehemu kubwa hutengenezwa na korodani. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges, wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, walionyesha kuwa kuipunguza homoni hiyo huirudisha nyuma saratani. Kwa kazi hiyo Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Leo homoni huzuiwa kwa sindano ya kila mwezi au ya kila miezi mitatu, au kwa upasuaji wa kuondoa korodani. Tiba hii peke yake huituliza saratani, na kwa wengi huituliza kwa miaka, lakini haiing'oi. Ndiyo maana tarehe ya kadi isipuuzwe: sindano ikikosekana, homoni huweza kurejea na saratani ikapata nguvu.

Wiki za mwanzo

Sindano nyingi za aina hii huipandisha homoni kwa muda mfupi kabla ya kuishusha. Kwa sababu hiyo daktari huweza kutoa vidonge vya kutumia katika wiki za mwanzo, na vidonge hivyo vimezwe kama alivyoelekeza. Katika kipindi hicho mzee akipata maumivu mapya ya mgongo, miguu ikafa ganzi au kuishiwa nguvu, au mkojo ukaziba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri tarehe ya kadi wala asiishie kukandwa nyumbani, kwani uti wa mgongo ukibanwa kwa muda mrefu, miguu huweza isirudi katika hali yake.

Mifupa na misuli

Homoni ikipungua, mifupa hupoteza uimara, misuli husinyaa na mafuta huongezeka tumboni. Sukari na shinikizo la damu navyo vyaweza kupanda. Ni vyema vipimwe mwanzoni mwa tiba na kurudiwa kila daktari anapoelekeza. Anayevuta sigara aache.

Dawa kubwa ya nyumbani ni mwendo. Kutembea kwa haraka kiasi kwa dakika 30, siku tano za wiki, kunatosha kwa mwanzo mzuri. Kwenda msikitini kwa miguu kunahesabika. Mara mbili kwa wiki aongeze zoezi la nguvu: kuinuka na kuketi kitini mara kumi, au kunyanyua kidumu kidogo cha maji. Ambaye saratani imemfika mifupani amuulize daktari kwanza ni uzito gani anaweza kuubeba.

Mfupa uliodhoofika huvunjika kwa kuanguka kudogo. Sakafu ya mahali pa kutawadhia isiachwe na utelezi, na tochi iwe karibu na kitanda kwa mzee anayeamka usiku kwenda haja.

Chakula

Neema ya Rufiji inatosha. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, ufuta na mboga za majani huupa mwili madini ya chokaa. Samaki, kunde na mayai hulinda misuli. Jua la kiasi huusaidia mwili kutengeneza vitamini D. Wali usijaze sahani, sukari katika chai ipunguzwe, na samaki wa chumvi waliwe kwa nadra. Dawa za mitishamba zisichanganywe na tiba bila daktari kujua.

Joto, uchovu na unyumba

Wengi hupatwa na joto la ghafla linalopanda kifuani na usoni, kisha jasho. Msuli au kanzu nyepesi ya pamba, maji ya baridi na kupunguza pilipili na chai kali husaidia. Uchovu nao hupungua kwa mazoezi kuliko kwa kulala mchana kutwa.

Lipo jambo ambalo wazee wetu hulificha: hamu ya tendo la ndoa hupungua sana au hutoweka, na matiti huweza kuvimba. Haya ni matokeo ya dawa. Mume asijione amepungukiwa utu, na mke asidhani amechokwa au amerogewa mume. Wazungumze wawili, kisha wamwone daktari pamoja, maana haya katika dini si kufichua siri ya ugonjwa mbele ya tabibu. Mzee akijitenga, akikosa usingizi au akikata tamaa, hilo pia ni la kuelezwa hospitali.

Ibada na safari

Dini yetu ni nyepesi kwa mgonjwa. Asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuzuia mkojo ana hukumu zake za udhu, na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua Ramadhani. Imamu aulizwe kuhusu hukumu, na daktari kuhusu dawa, kabla ya mwezi kuandama.

Mwisho, nauli ya Dar es Salaam itafutwe kabla ya tarehe, si siku ya safari. Mtoto mmoja akabidhiwe kadi, mwingine aandike maswali ya daktari, na kikoba cha familia kitenge fungu la mzee. Kumhudumia mzazi ni ibada. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na wanaowauguza subira. Amin.