Hackney Diamonds: Toleo la Kununua na Matoleo ya Kuacha

Kabla hujatoa hata senti kwa ajili ya Hackney Diamonds, albamu ya Rolling Stones iliyotoka tarehe 20 Oktoba 2023, sikiliza nyimbo tatu tu: Angry, Live by the Sword na Sweet Sounds of Heaven. Zote tatu hazizidi robo saa kwa mengi. Baadhi ya huduma za muziki mtandaoni zina sehemu ya bure yenye matangazo, nayo inatosha kabisa kwa kazi hii. Ukimaliza utajua uko upande gani wa mashabiki, na upande huo ndio utakaoamua pesa yako iende wapi.

Maana mashabiki hawajapatana hadi leo. Walioridhika wana hoja nzito. Bendi ilikuwa haijatoa albamu ya nyimbo zake mpya tangu A Bigger Bang ya mwaka 2005, yaani miaka 18. Katikati hapo ilitoka Blue & Lonesome ya 2016, lakini ile ilikuwa ya nyimbo za bluzi za watu wengine. Halafu anatokea mwimbaji Mick Jagger, ameshatimiza miaka 80, na sauti yake bado ina nguvu na hasira. Albamu ilipanda hadi nafasi ya kwanza Uingereza, na mwaka 2025 ikachukua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki.

Wasioridhika hawabishani na tuzo. Wao wanalalamikia sauti yenyewe. Mtayarishaji Andrew Watt, aliyezaliwa mwaka 1990, aliipa bendi sauti ya redio ya leo: kila kitu kiko mbele, kila kitu kina kelele ileile mwanzo hadi mwisho. Magitaa ya Keith Richards na Ronnie Wood, ambayo raha yake ni kujibizana, mara nyingi yanamezwa na ukuta wa sauti. Wapo pia wanaosema wageni wamezidi. Paul McCartney anapiga besi katika Bite My Head Off, Elton John anapiga piano katika nyimbo mbili, na Lady Gaga na Stevie Wonder wamo katika Sweet Sounds of Heaven.

Na lipo suala la dramu, ambalo kwa mashabiki wa siku nyingi ni la moyoni. Charlie Watts, mpiga dramu wa bendi, alifariki Agosti 2021. Humu anasikika katika nyimbo mbili tu, Mess It Up na Live by the Sword, na huo wa pili una pia besi ya Bill Wyman, aliyeondoka kwenye bendi miaka ya tisini mwanzoni. Nyimbo nyingine karibu zote amezibeba Steve Jordan. Ni fundi hodari, lakini anagonga kwa uzito wake mwenyewe, na sikio lililozoea Watts litahisi tofauti hiyo papo hapo.

Kwa maoni yangu, lawama ya sauti ni ya haki, lakini isiangukie nyimbo zenyewe. Nusu ya pili ya albamu ni bora kuliko ya kwanza. Tell Me Straight, anaouimba Keith mwenyewe, Sweet Sounds of Heaven, na Rolling Stone Blues wa Muddy Waters unaofunga kazi yote, ni nyimbo za kumiliki kabisa. Angry unavutia mara ya kwanza, ila haukui kila unaporudiwa.

Sasa tuje kwenye mfuko. Jambo la kwanza la kushika ni kwamba sauti iliyobanwa studio haifunguki kwa kubadilisha rangi ya santuri wala ya jalada. Nyimbo ni zilezile 12, dakika zilezile 48 hivi. Kama umesikiliza zile tatu na kelele imekuchosha, hakuna toleo la bei kubwa litakalokuponya.

Njia rahisi kuliko zote ni kusikiliza mtandaoni. Uingereza huduma hizi hutoza karibu paundi 12 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na kwa mwaka hiyo ni karibu paundi 144. Kama tayari unalipia kwa ajili ya muziki mwingine, basi albamu hii umeshaipata, usinunue kitu. Kama unataka kujiunga kwa sababu ya albamu hii moja, usijiunge. Kenya na Tanzania ada ni ndogo zaidi, lakini gharama iliyojificha ni bando. Kwa ubora wa juu wa kawaida, albamu nzima hula kama megabaiti 115 kila unapoisikiliza. Kwa ubora wa chini, kama 35. Ihifadhi kwenye simu ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha isikilize bila data. Ukiacha kulipa ada, nyimbo ulizohifadhi hazifunguki tena.

Kununua faili na kulipakua mara moja huwa bei yake iko chini kidogo ya CD mpya. Hakuna nauli, hakuna kusubiri. Lakini faili huwezi kuliuza tena wala kumkabidhi mwanao kama zawadi, na simu ikiibiwa bila nakala nyingine, kazi imekwisha. Kwa tofauti ndogo hiyo ya bei, mimi ningeongeza nichukue CD.

CD ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu mwenye pesa ya kununua kitu kimoja. Mpya, Uingereza, tarajia kati ya paundi 10 na 15. Iliyotumika hushuka sana chini ya hapo, kwa sababu albamu hii iliuzwa kwa wingi na wengi walioinunua kwa shauku wameshaiuza. Pitia kwanza maduka ya hisani na masoko ya Jumapili. Mashine za CD zilizotumika nazo ni rahisi, na magari mengi ya miaka ya nyuma bado yana tundu lake. CD ikikaa mbali na jua na mikwaruzo hudumu miaka mingi. Kinachovunjika ni kasha la plastiki, na kasha unaweza kulibadilisha.

Santuri nyeusi ya kawaida huuzwa kati ya paundi 25 na 35. Hapa ndipo watu huteleza, kwa sababu bei ya santuri si bei ya kusikiliza santuri. Unahitaji mashine, amplifaya au spika zenye amplifaya ndani, na sindano ya kubadilisha ikichakaa. Zile mashine za bei rahisi zenye umbo la sanduku mara nyingi zina sindano duni inayokandamiza sana na kula mistari ya santuri.

Kwa albamu hii kuna tatizo la ziada ambalo wauzaji hawalisemi. Dakika 48 zimegawanywa pande mbili, kwa hiyo kila upande una karibu dakika 24, na huo ni upande mrefu. Kadiri sindano inavyokaribia katikati, mstari unapita chini yake polepole zaidi, na sauti kali huanza kukwaruza. Sweet Sounds of Heaven, wimbo bora kuliko zote humu, wenye dakika saba na ushee, umekaa palepale, mwishoni mwa upande wa pili, pamoja na Rolling Stone Blues. Mwenye mashine nzuri hatasumbuka. Mwenye mashine ya sanduku atalipa zaidi ili asikie vibaya nyimbo mbili zilizo bora.

Matoleo ya rangi yaache. Yalitoka mengi mno: rangi hii kwa duka hili, rangi ile kwa duka lile, na nchini Marekani kulikuwa na majalada yenye nembo za timu zote 30 za ligi kuu ya besiboli. Maneno kwamba nakala ni chache yanakusudiwa kukuharakisha. Kitu kilichotoka kwa sura nyingi hivyo ni vigumu kupanda thamani, na ukinunua kwa matumaini ya kuuza kwa faida unaifunga pesa ya matumizi. Boksi lenye CD pamoja na diski ya Blu-ray lina maana kwa mwenye mashine ya Blu-ray na spika za kuzunguka chumba tu.

Lililowaudhi wengi ni toleo la Desemba 2023. Waliokuwa wamenunua Oktoba wakaambiwa sasa kuna CD mbili, ya pili ikiwa na nyimbo saba zilizorekodiwa jukwaani Racket, New York, usiku wa kuamkia siku ya kutoka albamu. Hasira yao ilikuwa ya haki. Angalia vizuri hizo saba: nne ni za albamu hiyohiyo, na za zamani ni tatu tu, Shattered, Tumbling Dice na Jumpin' Jack Flash. Kama tayari una CD ya kwanza, usinunue tena. Sikiliza hizo saba mtandaoni. Kama huna yoyote na bei zinapishana kwa paundi mbili au tatu, chukua hii ya CD mbili. Jukwaani magitaa yana nafasi ya kupumua, na wale wanaolalamikia studio watapata humo walichokikosa.

Kwa aliye Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, hesabu inabadilika kabisa. Bei ya dukani Uingereza ina VAT ya asilimia 20 ndani yake, na muuzaji asipoiondoa kwa mzigo unaotoka nje ya nchi, unailipa bure. Kisha forodha ya nyumbani inatoza VAT yake, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, na haitozi kwa bei ya santuri peke yake bali kwa bei pamoja na nauli na ushuru. Santuri ni nzito na husafiri katika katoni pana. Nauli yake inaweza kufika nusu ya bei yake au kupita. Ikikaa kwenye gari au bohari lenye joto la pwani, hupinda, na ikipinda hainyooki kirahisi. CD bila kasha ni nyepesi, hata ndugu anayekuja likizo anaweza kuibeba ndani ya kitabu. Mwagize hiyo.

Na wewe uliyesikiliza zile nyimbo tatu ukaona hii si bendi unayoipenda, una njia nzuri zaidi. Kwa bei ya santuri moja mpya unaweza kukusanya CD zilizotumika za Beggars Banquet ya 1968, Let It Bleed ya 1969, Sticky Fingers ya 1971 na Exile on Main St. ya 1972, zenye dramu za Charlie Watts karibu kila wimbo. Chenji ikibaki, ongeza Blue & Lonesome, iliyorekodiwa London kwa siku tatu tu Desemba 2015, Watts akiwa bado kitini.

Ukinunua iliyotumika kwa mtu usiyemfahamu, omba picha ya uso wa diski chini ya taa, uliza kama kijitabu kimo, na umtake akutajie jumla pamoja na nauli kabla hujatuma pesa.