Mkono Ndio Hakimu: Vidhibiti vya Gemu na Wanaovilalamikia

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo nataka niuchukue usemi huo niupeleke mahali ambapo wahenga wenyewe hawakupatazamia: kwenye michezo ya video, yaani gemu. Najua baadhi ya walimu wetu wakiliona neno hilo watakunja uso. Subirini kidogo, walimu wetu wapendwa. Sikuja hapa kuwasifu wenzangu wanaotupa vitabu wakakesha mbele ya runinga. La hasha! Nimekuja kueleza kifaa kimoja kidogo ambacho ndani yake mna fizikia, mna afya, mna sheria, na zaidi ya yote mna funzo kuhusu mtu anayetengeneza kitu na mtu anayekitumia.

Kifaa chenyewe ni kile anachoshika mchezaji mikononi. Kwa Kiswahili sanifu tukiite kidhibiti. Mtaani, kwenye vibanda vya gemu, utasikia kikiitwa padi. Mashine hupiga hesabu, runinga huonyesha picha, lakini kidhibiti ndicho kinachoguswa. Kikiwa kibaya, mchezaji ndiye wa kwanza kujua, tena hujua kwa kidole chake, si kwa kuambiwa. Hoja yangu ni hii: mengi ya mazuri yaliyomo katika padi ya leo yaliletwa na walalamishi waliosikizwa, na kasoro zilizobaki ni za walalamishi ambao bado hawajasikizwa vya kutosha.

KUTOKA KIJITI HADI MSALABA

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka wa 1972 kampuni ya Magnavox ya Marekani ilipouza mashine ya Odyssey, mchezaji alipewa kijisanduku chenye vifundo vya kuzungusha, mfano wa vile vya kutafutia stesheni kwenye redio. Mwaka wa 1977 Atari nao wakaleta mtambo wao uliokuja kujulikana kama 2600. Huo ulikuwa na kijiti kilichosimama wima na kitufe kimoja chekundu. Basi! Ulishika kitako kwa mkono mmoja, ukavuta kijiti kwa mkono wa pili, na baada ya muda kiganja kikaanza kulalama.

Huko Japani alikuwako mbunifu wa Nintendo aitwaye Gunpei Yokoi. Kampuni yake ilikuwa ikitengeneza vigemu vya mfukoni, na kijiti kirefu hakingeweza kuingia mfukoni. Mwaka wa 1982, katika kigemu cha Donkey Kong, Yokoi aliweka kitufe kilichofanana na alama ya kujumlisha: juu, chini, kushoto, kulia. Kidole gumba kimoja kikatosha. Tena kitufe hicho hupinda katikati kama pembea, kwa hivyo ukibonyeza juu, chini huinuka. Huwezi kukosea ukabonyeza pande mbili zinazopingana kwa pamoja. Msalaba huo ungali unapatikana kwenye padi nyingi hadi leo.

Mwaka uliofuata, 1983, Nintendo walitoa mashine ya Famicom. Padi zake za kwanza zilikuwa na vitufe vya mraba vya mpira. Kumbe pembe nne za mraba zina hila! Ukibonyeza kwa ukingoni, kitufe huweza kukwama ndani kisirudi. Kampuni ikavibadilisha, ikaweka vya mviringo vya plastiki. Jambo dogo, si ndiyo? Lakini tazama padi yoyote iliyo karibu nawe leo, uhesabu vitufe vya mviringo.

VITUFE VIKAONGEZEKA

Mwaka wa 1990 Super Famicom ilikuja na vitufe vinne upande wa kulia na viwili zaidi mabegani, mahali vidole vya shahada hupumzika. Wenzao wa Sega walikuwa na Mega Drive ya mwaka wa 1988, ambayo padi yake ilikuwa na vitufe vitatu tu vya kuchezea. Wakati ule vilionekana vingi. Kisha mwaka wa 1991 ukaja mchezo wa kupigana wa Street Fighter II, wenye ngumi za aina tatu na mateke ya aina tatu. Tatu na tatu ni sita, hata mtoto wa chekechea ajua. Mwenye padi ya vitufe vitatu alilazimika kubonyeza kitufe cha nne, kile cha kuanzishia mchezo, ili ahame kutoka ngumi hadi mateke, na huku adui anamtwanga! Mwaka wa 1993 Sega wakatoa padi ya vitufe sita.

PlayStation ya Sony ilitokea mwezi wa Desemba 1994. Mbunifu wake, Teiyu Goto, aliongeza mishikio miwili iliyoteremka chini ili viganja vipate pa kushika. Badala ya herufi aliweka maumbo. Mwenyewe alieleza kwamba duara ni ndiyo, alama ya kukata ni la, pembetatu ni upande anaotazama mtu, na mraba ni karatasi. Wajapani walifuata hivyo hivyo. Katika nchi za Magharibi, gemu nyingi ziligeuza mambo, alama ya kukata ikawa ndiyo. Ilipofika PlayStation 5 mwaka wa 2020, Sony walifanya alama ya kukata iwe ndiyo duniani kote, na wachezaji wa Japani waliozoea duara kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano wakalazimika kufunza vidole vyao upya. Hapo utaona kwamba mazoea ya mkono ni sheria, na kuibadilisha si mchezo.

MALENGELENGE NA UKUBWA

Mwaka wa 1996 Nintendo 64 ilileta kijiti kifupi cha kusukumwa kwa gumba. Tofauti na msalaba, ambao hujua ndiyo au hapana tu, kijiti hiki hujua kiasi: ukikisukuma kidogo unatembea, ukikisukuma sana unakimbia. Wachezaji wakafurahi. Baadaye ukaja mchezo wa Mario Party, uliouzwa Marekani mwaka wa 1999. Ndani yake mlikuwa na mashindano ya kuzungusha kijiti kwa kasi kadiri uwezavyo. Watoto waligundua kwamba kiganja huzungusha haraka kuliko gumba. Matokeo? Malengelenge na ngozi kuchubuka. Wazazi wakalalamika, mambo yakamfikia Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, na mwaka wa 2000 Nintendo wakakubali kutoa glavu za bure kwa wenye mchezo huo. Wasomaji, hebu fikirini: glavu, ndiyo mtu acheze gemu! Hapo kosa halikuwa la kijiti peke yake. Aliyebuni mchezo naye hakuwaza kiganja cha mtoto.

Mwaka wa 2001 Microsoft walitoa Xbox yenye padi nene mno hata watu wakaibandika jina la "Duke". Wenye mikono mikubwa waliipenda, na wapo wanaoitetea hadi leo. Wenye mikono midogo walihisi kama wamekabidhiwa sufuria. Kwa ajili ya soko la Japani kampuni ilibuni ndogo zaidi, na mwaka wa 2002 hiyo ndogo ikachukua nafasi ya kubwa hata kwingineko.

Sony nao walionja. Mwaka wa 2005 walionyesha mfano wa padi ya PlayStation 3 uliopinda kama mundu. Watu wakaicheka hata ikaachwa, wakarudi kwenye umbo la zamani. Kisha mwaka wa 2006 padi ikauzwa bila ule mtetemo unaomjulisha mchezaji kwamba amegongwa. Malalamiko yakazidi. Mwishoni mwa 2007 mtetemo ukaanza kurudi, ukianzia Japani.

KIJITI KINACHOJIENDEA

Sasa tufike kwenye donda ndugu. Mchezaji yeyote aliyepitia vibanda vyetu ameliona: umeacha kijiti, hujakigusa, lakini mchezaji wako uwanjani anatembea kuelekea kona kama aliyerogwa. Wachezaji husema kijiti "kinajiendea". Si uchawi jamani. Ni fizikia ya darasani.

Chini ya kijiti cha kawaida mna utepe mwembamba wa kaboni na ulimi mdogo wa chuma unaousugua. Kijiti kikielekea upande mmoja, ulimi husogea, na kiasi cha umeme kinachopita hubadilika. Mashine husoma kiasi hicho ikajua kijiti kiko wapi. Lakini bandu bandu humaliza gogo. Kila msuguano huchukua chembe ya kaboni, vumbi nalo huingia, na springi inayorudisha kijiti katikati hulegea. Mwishowe kijiti kikiwa kimetulia katikati, umeme unasema kiko pembeni, na mashine inaamini umeme. Waandishi wa programu huacha eneo dogo la katikati lisilohesabiwa ili kuficha kasoro hiyo, ila ikizidi eneo hilo, hakuna pa kuificha tena.

Malalamiko makubwa yalizuka baada ya Nintendo kutoa Switch mwaka wa 2017. Mwaka wa 2019 wateja Marekani walikwenda mahakamani, na mwaka wa 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi kwa usumbufu uliowapata wateja.

Dawa ipo. Mwaka wa 1879 mwanafizikia Edwin Hall aligundua kwamba sumaku ikiwekwa karibu na kipande chenye umeme, hubadilisha volteji ndani yake bila kukigusa. Kijiti kilichojengwa kwa njia hiyo kina sumaku na kihisi, navyo havisuguani. Kisichosuguana hakiliki kwa msuguano. Na wala si ndoto ya kesho: Sega walikitumia katika padi moja ya Saturn mwaka wa 1996, na tena katika Dreamcast ya mwaka wa 1998. Ndiyo maana wachezaji wanauliza, kama iliwezekana wakati ule, mbona padi nyingi zilizokuja baadaye zilirudia kaboni? Wanaotetea kaboni husema ni rahisi kutengeneza, hula umeme kidogo na imezoeleka. Huenda wana haki. Lakini anayelipa padi mpya si wao.

Jambo hili latuhusu sana huku kwetu. Padi ya nyumbani hushikwa na watu wawili watatu. Padi ya kibandani hupita mikono mingi kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwenye kibanda hana glavu za bure, na hana duka la kampuni la kurudishia. Ana fundi. Ndiyo maana ombi moja ambalo ningeliweka mbele ya yote ni kwamba kijiti kitengenezwe ili kiweze kung'olewa na kubadilishwa kwa bisibisi, bila kuchomelea waya.

WASIOWEZA KUSHIKA

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba kila mchezaji ana mikono miwili na vidole kumi vyenye nguvu. Je, asiye navyo? Kwa miaka mingi padi ilimfungia mlango kimya kimya, na wengi walitegemea mafundi wa kujitolea kuwatengenezea vifaa. Mwaka wa 2018 Microsoft, baada ya kushauriana na mashirika ya walemavu, walitoa kidhibiti bapa chenye vitufe viwili vikubwa na matundu kumi na tisa ya kuchomekea vifaa vingine. Mtu akaweza kucheza kwa mguu, kwa kiwiko au kwa kidevu. Mwishoni mwa 2023 Sony nao wakatoa chao cha mviringo, chenye vitufe vya kubadilishwa. Hapo mlalamishi alisikizwa, ingawa alisubiri sana.

WACHEZAJI HAWAKUBALIANI

Msidhani wachezaji wote wana kauli moja. Wapo wanaotaka vijiti viwili viwe sambamba kama vya PlayStation. Wengine wanataka cha kushoto kiwe juu kama cha Xbox, kwa kuwa ndipo gumba hulala lenyewe. Wapo wanaopenda betri ya ndani ya kuchaji. Wengine wanasema heri betri mbili za dukani, maana ya ndani ikichoka, padi nzima imechoka nayo. Hakuna anayekosea hapo. Mikono haifanani.

Ila kuna kulalama na kulalama. Mtu akisema "padi hii ni mbaya", fundi hana la kushika. Akisema "kijiti cha kushoto kinajiendea juu baada ya nusu saa", fundi tayari anajua pa kufungua. Na sisi wanachama wa Kiswahili tuna maneno ya kutosha kwa kazi hiyo: kukwama, kulegea, kuteleza, kuchubua, kujiendea. Kila neno lina ugonjwa wake. Tuyatumie, si kwa padi pekee, bali kwa dawati linalochoma mgongo, kalamu inayovuja na mfereji usiofunga. Miongoni mwetu wamo wahandisi wa kesho. Siku mtakapokaa upande wa pili wa meza na kuletewa malalamiko, msiseme mteja ana kelele. Mwulizeni kunguni wako upande gani wa kitanda.