Lasagna Asumbi: Pesa Iingie Kabla ya Kununua Jibini

Ukitaja chakula cha Kiitaliano hapa Kenya, wengi wanafikiria Malindi. Si ajabu. Kituo cha anga cha San Marco kilianzishwa na Waitaliano pale Ngomeni miaka ya 1960, na mpaka leo Malindi inajulikana kwa piza na aiskrimu zao. Lakini je, unaweza kuuza lasagna Asumbi, kati ya Rongo na Homa Bay, na ubaki na kitu mfukoni?

Sisi tunaona inawezekana. Asumbi ni mji wa shule na misheni: kuna chuo cha walimu, shule ya upili ya wasichana na parokia ya Kikatoliki ya miaka mingi. Hapo kuna mahafali, komunio ya kwanza, harusi na ayie. Kila hafla ni pilau, kuku na chapati. Ukileta trei moja ya kitu tofauti, itaongewa wiki nzima. (Matanga tuyaache. Huko hakuna mtu anakungoja na lasagna.)

Mapishi yenyewe yasikutishe. Tambi za mkono ni unga wa ngano na mayai tu, na kama unajua kusukuma chapati, kazi umeshaijua nusu. Polenta ya Italia ya kaskazini ni unga wa mahindi na maji, yaani kuon iliyosafiri. Gnocchi hupikwa kwa viazi, na ukitaka kujaribu na viazi vitamu vya Kabondo, nani atakukataza? Nyanya na vitunguu viko sokoni.

Shida ni jibini. Ni ghali, inataka friji, na pengine utaifuata hadi Kisii au Kisumu. Ukishainunua, huwezi kuirudisha dukani. Mteja akighairi Ijumaa jioni, na stima ipotee usiku huo, mtaji wako umeharibika ndani ya friji.

Kwa hivyo tuongee kuhusu malipo ya awali. Wapishi wengi huitisha nusu kwa sababu ndiyo mazoea. Hebu tupige hesabu ya mfano. Una oda ya watu 60, kila sahani shilingi 350, jumla shilingi 21,000. Nyama, jibini, unga, mayai, nyanya na usafiri vinakula 12,500. Vibarua wawili, gesi na kukodi sahani ni 3,500. Faida yako ni 5,000. Sasa, ukichukua nusu, umepata 10,500. Umeenda sokoni ukiwa na upungufu wa 2,000, na hizo zinatoka kwa pesa yako, labda zile za karo. Mteja akihama, hasara ni yako.

Ndiyo maana tunasema malipo ya awali yahesabiwe kutokana na manunuzi. Kwa oda hii, itisha 13,000, kisha 8,000 zilizobaki ziingie kabla chakula hakijatoka jikoni. Mwambie mteja mapema, kwa ujumbe ulioandikwa: tarehe, idadi ya wageni, bei, na siku ya mwisho ya kughairi. Ukiona aibu kumwambia shangazi yako hivyo, mtumie tu huo ujumbe. Karatasi haina undugu.

Pesa ya oda iingie kwa nambari ya till ya biashara, isiingie kwa laini yako ya kawaida. Tunajua unadhani tunajipigia debe, na ni kweli kidogo, lakini sababu ni rahisi: pesa ya jibini ikikaa pamoja na pesa ya kawaida, utaikopesha rafiki Jumatano na kuitafuta Ijumaa. Mwisho wa mwezi taarifa ya till pia inakuonyesha oda zipi zilileta faida na zipi zilikuchosha bure.

Kabla ya oda ya kwanza, pata kibali cha biashara cha kaunti na vyeti vya afya vya kila anayeshika chakula. Asumbi iko Homa Bay, lakini Rongo ni Migori, kwa hivyo ukipata kazi upande wa pili ulizia mapema wanataka nini.

Halafu kuna siku yenyewe ya hafla. Muziki unalia, wageni wamekaa, na mtu anakuonyesha simu yake: “Nimeshatuma, ona.” Ujumbe kwenye simu ya mtu mwingine si malipo, na hata ule ulioingia kwako unaweza kuwa umeandikwa na tapeli kutoka nambari ya kawaida. Fungua till, angalia salio. Akipiga mtu akisema amekosea kutuma, umrudishie haraka, usirudishe chochote. Mwambie apige kwa huduma kwa wateja. PIN haiombwi na mtu yeyote, hata sisi.

Kama salio halijasonga, sema kwa upole: “Mama, samahani, tungoje kidogo iingie.” Trei zikae kwa gari mpaka hapo.