Simu, daftari na mpaka wa Lobule

Matibabu ya akili kwa simu ni yale ambayo mtaalamu humhoji, humshauri na kumfuatilia mgonjwa bila kuonana naye ana kwa ana. Mijini husifiwa kwa kupunguza foleni. Lobule, wilayani Koboko katika eneo la West Nile nchini Uganda, haja ni kubwa zaidi: kutompoteza mgonjwa anayevuka mpaka.

Makazi ya wakimbizi ya Lobule yalifunguliwa mwaka 2013 kwa ajili ya Wakongo. Kongo (DRC) iko jirani, na Sudan Kusini haiko mbali. Watu wa kabila la Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu, kwa hiyo kuvuka kwenda kuvuna, kuzika au kutazama nyumba iliyoachwa si jambo la ajabu. Kliniki ndiyo isiyovuka.

Hapo ndipo matibabu hukatika. Sindano ya fluphenazine, inayotuliza dalili za skizofrenia, kwa kawaida hurudiwa kila baada ya wiki chache. Kifafa nacho, ambacho Uganda hutibiwa sana katika kliniki za akili, mara nyingi hudhibitiwa kwa vidonge vya phenobarbital, na kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo hadi kifo. Aliyekwenda mavuno ya wiki mbili akakaa sita yuko hatarini, hata kama aliondoka mzima.

Madaktari bingwa ni wachache, na wengi wako Kampala, ilipo hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ya Butabika iliyofunguliwa mwaka 1955, takriban kilomita 500 kutoka Arua, mji mkubwa wa West Nile. Hospitali ya rufaa ya Arua ina kitengo cha akili, lakini kazi ya kila siku katika vituo vya chini vya afya hufanywa na matabibu na wauguzi. Simu humpatia mhudumu wa aina hiyo daktari bingwa wa kumuuliza. Humpa pia njia ya kumfikia ndugu wa mgonjwa, ambaye hujua mapema kuliko yeyote kwamba mtu halali usiku. Ila simu ya familia haina siri, na chaji ina bei yake.

Kwamba sauti peke yake yaweza kusaidia kulionekana katika makazi mengine ya wakimbizi ya West Nile, Rhino Camp. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Vikao 5 vya mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, vikisimamiwa na watu wasio wataalamu, vilipunguza msongo wao.

Dawa ni habari nyingine. Hata ndani ya nchi moja, Marekani, kwa kawaida daktari huhitaji leseni ya jimbo alipo mgonjwa wakati wa mazungumzo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini tabibu aliyesajiliwa Uganda hawi tabibu wa Kongo kwa kupiga simu. Ushauri hupita; cheti cha dawa hukwama. Duka la dawa la ng'ambo huenda likauza bila kuuliza chochote, na hilo halimwokoi mgonjwa.

Kwa hiyo maandalizi hufanyika kabla ya safari: vidonge vya ziada, tarehe ya sindano kusogezwa pale dawa inaporuhusu, na namba ya ndugu wa upande wa pili. Daftari la shule, ambalo wagonjwa wengi Uganda hulitumia kama faili lao, liandikwe jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara. Majina kama haloperidol au carbamazepine, nesi wa Kongo aliyesoma kwa Kifaransa huyatambua bila mkalimani.