Kani Ivutayo Mpira na Mwezi

Mtoto wa Chamazi aliyezoea kutazama kandanda katika kiwanja cha Azam, au kuicheza mwenyewe katika vumbi la mtaani kwao, ajua kwa yakini, kabla hajafundishwa na mwalimu yeyote, kwamba mpira upigwao juu hauna budi kurudi. Lisilomjia akilini, maadamu amelizoea jambo hilo tangu kuzaliwa, ni kuuliza warudishwa na nini. Ningependa sana aulizwe swali hilo mapema, kabla ya kukaririshwa maelezo ya vitabuni.

Jawabu ni kwamba dunia huuvuta. Kila kitu huvuta kila kitu kingine, hata mpira nao huivuta dunia, ila dunia kwa ukubwa wake haionekani kusogea. Kani hiyo ya mvutano haizuiliwi na ukuta wala paa, na daima huelekea kitovu cha dunia. Ndiyo maana wakaao upande wa pili wa dunia hawaanguki angani, kwani chini yao na chini yetu ni kitovu kile kile.

Kitu kiangukacho huzidi kasi kila nukta ipitayo. Nazi ichomokayo mnazini kwa kimo cha mita 20 hufika ardhini kwa sekunde 2 hivi, nayo wakati huo ina mwendo wa takriban kilomita 70 kwa saa, na kwa hiyo wazee wana haki kamili ya kuwafukuza watoto wachezao chini ya minazi.

Aghalabu watu hudhani kwamba kizito hushuka upesi kuliko chepesi, na tangu zama za mwanafalsafa Aristotle dhana hiyo ilitawala akili za wanazuoni kwa karne nyingi. Mtoto na ajaribu mwenyewe: ashike embe kwa mkono mmoja na ndimu kwa mkono wa pili, aviachie pamoja kwa kimo kimoja, asikilize vikitua pamoja. Kisha aachie karatasi iliyokunjuliwa, aione ikiyumbayumba. Aifinyange iwe donge, aiachie tena, nayo itashuka moja kwa moja, ilhali uzito wake haukuongezeka hata chembe. Kilichoichelewesha ni hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott, akiwa mwezini kusiko na hewa, aliachia nyundo na unyoya, vikatua sawia.

Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alibainisha kwamba kani iangushayo tunda ndiyo iushikayo mwezi. Mwezi nao huanguka kuielekea dunia pasi na kukoma, lakini kwa kuwa wakati huo huo wakimbilia ubavuni, huikosa dunia na kuizunguka. Fauka ya hayo, mwezi hulipiza: huyavuta maji ya bahari, na jua huusaidia. Mwezi uandamapo, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na dunia, mvutano wao ukajumlika; hapo huja bamvua, maji ya Dar es Salaam yakapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, viwili hivyo huvuta kwa pande zisizopatana, na wavuvi wa Kigamboni huyaita maji ya siku hizo maji mafu.