Kitambulisho cha shirika, kola ya kanisa: Mtu mmoja anaweza kuvaa vyote?

Chukulia uko Kibondo. Jumatatu mpaka Ijumaa unafanya kazi kwenye shirika linalohudumia wakimbizi. Jumapili unataka kusimama madhabahuni kama kasisi wa Kianglikana. Inaruhusiwa?

Jibu fupi: ndiyo. Ila kuna mstari ambao haupaswi kuuvuka.

Njia ya kufika

Anglikana, ambao Marekani wanaitwa Kanisa la Episkopali, wana ngazi tatu: shemasi, kasisi na askofu. Kwa Kigoma, makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika yako Kasulu. Ilianza mwaka 1966 chini ya Askofu Musa Kahurananga, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Tanzania.

Kusema "nimeitwa" hakutoshi. Waumini wanaokujua wakushuhudie, askofu aridhike, usome theolojia. Ndipo unawekewa mikono kuwa shemasi, na baadaye kasisi.

Kwa nini asiache kazi?

Vijijini sadaka mara nyingi ni mahindi, maharage au kuku. Ada ya shule hailipwi kwa kuku.

Na jambo hili si geni. Kitabu cha Matendo, sura ya 18, kinaeleza kuwa Mtume Paulo alishona mahema Korintho huku akihubiri.

Tatizo ni kwamba kazi ya shirika nayo si ya kudumu. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa 2012. Mtendeli, Kakonko, ilifungwa 2021. Kambi ikifungwa, mikataba nayo inaisha. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada ya nje, mashirika mengi duniani yalipunguza watu. Upadrisho hauna tarehe ya mwisho wa mkataba.

Mstari wenyewe

Mwaka 1994, Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada yalikubaliana kanuni za maadili. Moja inasema msaada usitumike kueneza msimamo wa dini au siasa. Mwingine inasema msaada utolewe kwa kuangalia shida ya mtu, si dini wala kabila lake.

Sababu iko wazi. Mama aliyetoka Burundi yuko kwenye foleni ya mgao kambini, na watoto wanamngoja. Aliyeshika orodha ya majina akimwambia "tuombe kwanza", atakataaje? Hata kama hapendi, ataitikia amina.

Kwa hiyo kasisi mwenye ajira anatakiwa:

- Aache kola nyumbani akienda kazini.
- Asihubiri wala kualika watu kanisani wakati wa mgao.
- Asitumie gari la shirika kubeba viti vya kanisa.
- Muumini wake akiwa kwenye orodha, amwambie bosi mapema na jina lishughulikiwe na mwingine.
- Asiahidi mtu ajira kwa sababu ni mwanakwaya wake.

Na muda je?

Hapo ndipo wengi wanakwama. Msiba hausubiri Jumamosi. Ukitokea Jumatano, bosi anataka ripoti na familia inataka mchungaji. Ni vizuri haya yazungumzwe na askofu pamoja na mwajiri kabla ya kuwekewa mikono: nani atazika ukiwa kazini, na ruhusa ni siku ngapi.

Usipoyamaliza mapema, utawaangusha wote wawili siku moja.