Kabla Uchome Doo Kwa Rangi, Jua Kwanza Uzi Wako Ni Wa Nini

Mteja amechukua top ya krosheti kwako, ameidunga wikendi, Jumatatu ameifua. Maji ya beseni imegeuka zambarau. Nguo zake nyeupe nazo zimegeuka zambarau. Sasa yuko kwa DM anadai doo zake, na ukichelewa kujibu anapost.

Hapo wasee wengi husema rangi ilikuwa feki. Mara nyingi rangi iko sawa kabisa, ni vile tu rangi na uzi hazipatani. Kwa hivyo kama unataka kutia uzi rangi hapo kejani, iwe ni hasla ama ni luku yako tu, hili ndilo swali la kwanza: huu uzi ni wa nini?

Choma kidogo ujue

Lebo ikiwa imepotea, kata uzi kama urefu wa kidole, ushike na koleo ndogo ya nyusi, uwashe juu ya sinki. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, hunuka kama nywele zimeungua, moto hujizima, na jivu husagika ukiligusa. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi, na huacha jivu laini la kijivu. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha kidonge kigumu.

Hiyo ya mwisho unaijua tayari. Umewahi kuona msusi akichoma ncha za Brazilian wool ndio zisifunguke? Zinayeyuka na kushikana. Kwa jina inaitwa wool lakini mara nyingi ni akriliki, na akriliki ni plastiki. Nyuzi nyingi za bei rahisi huku mtaani ni hiyo hiyo. Sasa sikia vizuri: akriliki usijaribu kuitia rangi nyumbani. Siki haitasaidia, chumvi haitasaidia, kuchemsha hadi usiku haitasaidia. Inunue ikiwa na rangi unayotaka tayari, uokoe pesa yako.

Sufu: rangi ya keki na siki

Sufu ndiyo rahisi zaidi kwa msee anaanza. Huku kwetu inapatikana. Nanyuki kuna akina mama ambao wamekuwa wakisokota na kutia sufu rangi kwa mkono miaka mingi. Rangi yenyewe si lazima utafute mbali. Zile rangi za chakula za kutengenezwa kiwandani, za kutia kwa keki, hushika sufu fiti kwa sababu sufu ni protini. Ikipata asidi na joto, inavuta hiyo rangi na kuishikilia.

Chukua gramu 100 za uzi. Uzungushe kwa mgongo wa kiti uwe shada refu, ulifunge mahali panne bila kukaza, la sivyo utatoa kitu imejifunga kama nyavu. Loweka kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, dakika 30. Weka maji kwa sufuria, tia rangi na robo kikombe ya siki nyeupe, halafu ingiza uzi. Pasha pole pole hadi mvuke utoke, lakini usiache ichemke. Subiri nusu saa.

Utaona kitu noma: maji inarudi kuwa safi, karibu kama ya mfereji. Rangi yote imeingia kwa uzi. Zima moto, acha ipoe ikiwa ndani ya sufuria. Ukitoa sufu kwa moto uitupe kwa maji baridi, ama ukiikoroga kama ugali, inajikunja na kushikana kama blanketi ya zamani, na hapo hakuna kurudi.

Pamba: siki weka kando

Hapa ndipo wengi huchapwa. Ile stori ya kuloweka nguo ya pamba kwa siki na chumvi ndio rangi ishike, sahau. Siki hufanya kazi kwa sufu. Kwa pamba, chumvi husukuma rangi karibu na uzi lakini haiifungi hapo.

Pamba inataka rangi inayoitwa riaktivu pamoja na soda ashi. Soda ashi si kitu ngeni Kenya: hutengenezwa kutoka kwa magadi ya Ziwa Magadi, na wasee wanaotengeneza sabuni ya maji wanaijua vizuri. Koroga gramu 50 hivi kwa lita moja ya maji, vaa glavu, loweka uzi dakika 20. Ukamue, umwagie rangi, uufunge kwa karatasi ya plastiki na uuache usiku mzima. Asubuhi suuza na maji baridi, kisha osha na maji moto na sabuni mpaka maji itoke safi. Hiyo hatua ya mwisho usiruke. Rangi ambayo haikushika lazima itoke kwako, isingoje beseni ya mteja.

Hata mwenye alianzisha hii mambo alikutana na hiyo shida. Mwaka wa 1856 kijana wa miaka 18 London, William Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa maabara ya nyumbani kwao. Akapata uchafu wa zambarau. Hariri, ambayo pia ni protini, ilishika hiyo rangi vizuri. Pamba ikakataa, hadi akapata njia ya kuitayarisha na tanini. Aliacha chuo, akafungua kiwanda na babake na kakake, na kufikia miaka 36 alikuwa ameuza biashara na kustaafu.

Na za jikoni?

Maganda ya kitunguu yanafanya kazi kweli. Sufu yako ipitishe kwanza kwa shabu, ile chumvi ya mawe ya kusafishia maji, gramu 15 kwa gramu 100 za uzi, saa moja kwa moto mdogo. Kisha pika na maganda, utapata manjano hadi kahawia ya machungwa. Maganda na mbegu za avokado hutoa waridi tulivu. Bizari ya manjano inawaka vizuri lakini jua huila haraka. Bitiruti nayo ni mwongo: kwa sufuria inakaa moto, ukiosha mara mbili imeenda.

Usalama pia ni muhimu. Sufuria uliyotumia na rangi ya kiwanda isirudi kupika githeri. Na rangi ya unga ukiipima, vaa maski, kwa sababu huo unga ukiuvuta unaweza kukuharibia mapafu.

Kabla ya kuuza

Lowesha tishu nyeupe, finya uzi mkavu nayo kwa nguvu, ukae nayo dakika moja. Halafu osha kipande cha uzi pamoja na kitambaa cheupe. Vyote vikibaki vyeupe, shona. Vikipata rangi, rudi ukasuuze tena, na usichukue deposit ya mtu bado. Ukimpatia mteja mzigo, mwambie pia: maji baridi, aanike kivulini.